Kuteremka Rodi kwa Gari la Stima

Kila mwaka mvua fupi zinapoanza kukatika, ofisi kuu ya Nairobi hunitumia fomu ya ripoti. Ni fomu ya visanduku. Kisanduku hiki ni cha umbali ambao magari yametembea, kile ni cha moshi ambao haukutoka, kingine eti nieleze kwa maneno yangu mwenyewe jinsi jamii ilivyofaidika. Nikishajaza naituma, na mwaka mpya ukianza kampuni inatoa kijitabu cha karatasi zinazong'aa, chenye maneno yangu yaliyonyooshwa mpaka siyatambui. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba wamama wa samaki wanapenda gari letu kwa sababu mbuta wao hawanuki dizeli wakifika sokoni. Kijitabu kilipokuja nikakuta kimesema tumeimarisha mnyororo wa thamani wa mazao ya ziwa. Yawa! Niliwasomea wale wamama, wakacheka mpaka mmoja akakalia beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani.

Mimi ni msimamizi wa kituo cha Homa Bay. Kampuni ni ya magari ya stima, yaani ya umeme, na kituo chetu kina magari sita meupe ya viti saba saba. Asubuhi yanatoka Homa Bay, yanapanda Rodi, yanapita Rongo hadi Migori, yanachajiwa huko, halafu yanarudi na abiria wengine na mizigo yao. Mimi nilisomea kufunga nyaya za umeme kwenye nyumba; magari sikusomea, wala kuandika ripoti. Nilipata kazi kwa sababu siku ya mahojiano chaja yao ilikataa, na nikaitengeneza huku wao wakihangaika kupiga simu Nairobi. Nina hasira za karibu, najijua, na madereva wananijua. Mbele yangu wananiita madam. Nikiwa sipo sijui wananiitaje na sitaki kujua.

Lengo la kampuni limeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani: hewa safi kwa kila safari. Mwanzoni niliona ni maneno ya kupamba ukuta tu. Halafu siku moja nilisimama steji ya Rongo nikingoja mtu, malori ya miwa yakipita moja baada ya jingine, na nilipovua kitambaa cha kichwa nikakikuta cheusi kama nimetoka kupika kwa kuni mbichi. Ndipo gari letu moja likaja, bila kelele, bila moshi, likasimama mbele ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtoto hata hakuamka. Niliona haya kwa vile nilivyokuwa nayacheka yale maneno ya ukutani. Tangu siku hiyo mtu akiniambia magari ya stima ni ya kuchezea, tunakosana.

Mmoja wa madereva wetu sita ni baba yangu. Sikumwajiri mimi, walimwajiri kabla sijapewa usimamizi, lakini nani atakuamini? Kabla ya hapo aliendesha pikapu ya zahanati moja ya kanisa kwa miaka mingi, na madereva wote wa barabara ile walikuwa na mchezo wao naye. Walimwita mzee wa gia. Alikuwa akiteremka kutoka Rodi kuja Homa Bay na gia ya pili, injini ikilia njia nzima, mpaka watu wa kando ya barabara wakajua ni yeye kabla hawajamwona. Magari mengine yalimpita yakimpigia honi za kumcheka. Yeye hakuwajibu.

Alikuwa pia na sheria moja. Sisi watoto wake hatukai mbele. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi, kwenye lori ambalo Baba mwenyewe aliliendesha, Mama akiwa amekaa mbele. Breki zilikatika kwenye mteremko huo huo wa Rodi. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, hivyo ndivyo polisi walivyoandika, hivyo ndivyo mchungaji alivyosema makaburini. Kwa hiyo Baba alipotufungulia mlango wa nyuma, tulipanda nyuma na hatukuuliza. Mimi nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na bado nikipanda gari lake napanda nyuma.

Shida ilianza katikati ya mwaka jana, mwaka wetu wa tatu, Nairobi walipoondoa chaja ya njiani pale Rongo. Magari yakawa yanarudi Homa Bay chaji imekwisha kabisa. Kwa hesabu za watengenezaji, gari likitoka Migori limejaa linapaswa kufika kwetu likiwa na akiba nzuri. Yetu yalikuwa yanafika yakiwa yamebakiza kidogo mno, dashibodi inawaka nyekundu, dereva anatokwa jasho. Nairobi wakatuma mafundi. Mafundi wakasema ni joto la ziwa. Wakabadilisha betri ya gari moja, wiki iliyofuata na hilo likaanza kufika hoi kama wenzake.

Halafu gari nambari mbili likazimika kabisa chini ya mteremko, hatua chache tu kabla ya mji. Dereva wake ni mtu wa maneno mengi na kofia nyekundu, hakuna jambo analoliona asilisemee. Badala ya kunipigia simu, alikubaliana na mzee mmoja aliyekuwa akitoka kulima, na gari la kisasa la kampuni ya hewa safi likaingia Homa Bay likivutwa na ng'ombe wawili. Watu walitoka madukani. Waliopiga picha walipiga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kituo, na nakwambia, kama ardhi ingepasuka ningeshukuru.

Picha ilifika Nairobi kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Bosi wetu wa huko, mwanamke anayeongea polepole sana akikasirika, alinipigia simu.

"Umeiona picha?" akauliza.

"Nimeliona gari lenyewe," nikamjibu.

"Basi sikiliza. Ripoti ya mwaka ikija na hali hii, hatuwezi kuendelea. Magari sita yatarudi Nairobi na kituo kitafungwa. Sitaki kukudanganya."

Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. Nilipoweka simu chini niliwafikiria madereva watano ambao walikuwa wameacha kazi nyingine kuja kwetu. Nilimfikiria Baba zaidi. Ana umri ambao hakuna mtu mwingine atakayempa usukani. Kumkalisha nyumbani ni kumzika mapema, nasema wazi. Na nilijifikiria mimi pia, sitajifanya malaika.

Nikakaa na kompyuta kuangalia chaji ya kila gari, safari kwa safari. Magari matano yalikuwa yanafika hoi. Moja, nambari nne, lilikuwa linafika na karibu nusu ya betri. Kila siku, isipokuwa Jumamosi ambapo dereva wake yuko kanisani na gari linalala. Nambari nne ni gari la Baba.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mita imeharibika. Wazo la madereva lilikuwa tofauti. Nilipowaonyesha, yule wa kofia nyekundu akawaangalia wenzake kisha akasema:

"Madam, hiyo si siri. Wewe ulimpa baba yako betri nzuri. Sisi ulitupatia mabaki."

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana watoto wangu wanajua kusoma. Nilipomaliza nikasema: "Sawa. Kuanzia kesho wewe utaendesha nambari nne. Mzee atachukua hilo lako la kuvutwa na ng'ombe. Tuone."

Baba alikuwa ameketi pembeni akipangusa miwani. Akasema tu, "Hakuna shida."

Siku tatu zilinitosha. Nambari mbili, lile lililotutia aibu, likafika Homa Bay na karibu nusu ya betri. Nambari nne likafika linalia nyekundu. Yule bwana aliposhuka hakunitazama usoni, alikwenda moja kwa moja kunawa mikono. Basi nikajua betri hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa watu, na sikujua ni kosa gani.

Nikamuuliza Baba anafanya nini.

"Naendesha tu," akasema.

"Unaendesha namna gani?"

"Kama kawaida, nyathina." Huniita hivyo, mtoto wangu, hata mbele ya madereva.

Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikapanda naye kutoka Migori, nyuma kama kawaida, katikati ya mwalimu mmoja na gunia la viazi vitamu. Niliangalia mikono na miguu yake njia nzima. Sikuona la ajabu. Tulipofika juu ya mteremko wa Rodi aliondoa mguu kwenye pedali, gari likapunguza mwendo lenyewe, tukashuka taratibu. Mwalimu alilalamika kwamba tunachelewa. Baba alimwambia pole na hakuongeza spidi.

Siku iliyofuata nikapanda na yule wa kofia nyekundu. Tulipofika pale pale juu, mkono wake ukaenda kwenye kile kitufe cha kuzungusha kilichochukua nafasi ya gia, ukakigeuza mpaka kwenye herufi ya N bila yeye hata kuangalia, kama mtu anavyovua viatu akifika kwake. Gari likaachiliwa. Likaanza kukimbia kimya kimya kuelekea ziwani.

"Umefanya nini hapo?" nikauliza.

"Nimeweka fri, madam. Naokoa stima."

Aii! Nilijipiga kofi pajani mpaka abiria wakageuka. Fri! Dereva wa kwetu akifika juu ya mlima anatoa gia na kuliacha gari lijiteremkie kwa uzito wake, na injini isinywe mafuta. Tajiri anapima mafuta, dereva anajua pa kuyaokoa. Kila mtu kwenye barabara hii alijifunza hivyo, na asiyejua fri anahesabiwa bado mwanafunzi. Lakini gari la stima ni kiumbe kingine. Likiteremka likiwa kwenye gia, magurudumu yanazungusha mota, mota inarudisha stima kwenye betri. Mteremko wote wa Rodi ni chaja ya bure. Hawa watu walikuwa wanafika kwenye chaja, wanaizima kwa mkono wao wenyewe, na wanajipongeza. Na mafundi wa Nairobi hawakuiona kwa sababu Nairobi hakuna dereva wa stima anayefikiria fri, wala hawakuwauliza madereva chochote, waliuliza betri.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikawaita wote sita, nikawaeleza kwa utaratibu, nikawaonyesha kwenye kompyuta. Wakanisikiliza kwa adabu. Wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale.

"Madam, hii gari ukiacha kwenye gia inavuta nyuma," mmoja akasema. "Inakataa kushuka. Kitu ikikataa kushuka si inakula stima?"

"Haili, inarudisha. Hukuona pale kwenye kompyuta?"

"Kompyuta ni ya kampuni," akasema yule wa kofia nyekundu. "Mimi nimeendesha hii barabara miaka kumi na nane na fri. Mzee wa gia ni muoga tu, kila mtu anajua."

Wakacheka, si kwa ubaya, ni ule utani wao wa siku zote. Na hapo ndipo Baba akavaa miwani yake na kusimama.

"Kesho mchana twendeni wote Rodi, juu," akasema. "Gari moja linatosha. Nitawaambia huo uoga ulitoka wapi."

Nilifikiri atawafundisha mambo ya magurudumu na mota. Nilifurahi hata. Tulikwenda, yeye akiendesha, wao wakijaza viti, mimi nyuma kabisa. Aliegesha juu ya mteremko mahali ambapo unaona barabara yote inavyoshuka, na ziwa kule chini. Tukashuka. Yeye alibaki ameshika mlango wa gari.

"Nilikuwa naendesha lori la tajiri mmoja wa mahindi," akaanza. "Alikuwa anapima dizeli kwa kijiti, kila jioni. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Rongo, nimejaza magunia. Mke wangu alikuwa sokoni Rongo ameuza omena yake, nikambeba, akakaa mbele na beseni tupu. Tukafika hapa."

Mimi bado sikuelewa. Nilikuwa naijua hadithi ya breki.

"Nikaweka fri. Ile ile yenu. Lori likakimbia, nikawa nalishika kwa breki peke yake, kwa sababu injini haikuwa inasaidia. Breki zikashika moto. Pedali ikashuka mpaka chini kama unakanyaga ugali. Nikajaribu kurudisha gia, ikakataa kuingia, spidi ilikuwa kubwa. Nikaona kule chini kuna watu wanatoka kanisani. Nikalipeleka lori kwenye kingo. Upande aliokaa mke wangu ndio uliogonga."

Yule wa kofia nyekundu alikuwa ameivua kofia.

"Polisi waliniuliza, nikasema breki zilikatika. Si uongo, zilikatika. Lakini mimi ndiye niliyezikata. Tajiri sikumwambia, wakwe sikuwaambia, kanisani sikusema." Akageuka kunitazama. "Hata huyu sikumwambia. Anasikia leo, pamoja na nyinyi."

Sitaficha nilichohisi. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na si mchezo kwa mtu kama mimi. Miaka ishirini na sita! Nimelilia breki. Nimemlaani fundi ambaye sikumjua, kwa kufunga breki vibaya. Nimepika, nimefua, nimelea wadogo zangu, nikamwonea huruma mzee huyu kwa sababu bahati mbaya ilimchagua. Na ameamua kuniambia mbele ya madereva watano, kwa sababu ya betri.

"Ungeniambia nyumbani," nikasema.

"Nyumbani nilijaribu," akasema. "Mara nyingi. Nyumbani ningeweza kunyamaza tena. Hapa nisingeweza."

Nikaanza kuteremka kwa miguu. Sikutaka kupanda gari lile wala kuona uso wake. Jua lilikuwa kali na viatu vyangu havikuwa vya kutembea. Nilitembea kama nusu saa, nikilia, nikijisemesha, ndipo nikatazama nyuma na kuona gari liko hapo hapo, hatua kumi nyuma yangu, linanifuata. Lilikuwa linanifuata tangu juu na sikulisikia, magari haya hayana sauti. Baba alikuwa kwenye usukani, madereva wote watano wamekaa wima kama wako kwenye maziko. Hakunipigia honi. Nilifika chini kwa miguu yangu na wao wakafika nyuma yangu.

Kwa karibu mwezi mmoja sikuzungumza naye ila mambo ya kazi. Nambari nne iko tayari. Chaja ya pili ina hitilafu. Jumapili nilimpelekea chakula na kuondoka kabla hajanawa mikono. Yeye hakulalamika hata mara moja, na hilo liliniudhi zaidi.

Kazini hakuna aliyegusa N tena. Sikulazimika kusema neno. Magari yalianza kufika na akiba, kwanza mawili, halafu yote, na taa nyekundu ikawa kitu cha kusimuliwa. Yule wa kofia nyekundu alikuja ofisini siku moja akasimama bila la kusema, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Mwishowe akasema, "Madam, mimi huwa nabeba watoto wangu kwenye hii barabara." Kisha akatoka.

Bosi wa Nairobi alinipigia simu wiki ya kujaza fomu. Sasa alikuwa anaongea haraka, maana yake amefurahi. Kituo hakitafungwa. Magari yanabaki, na huenda mwakani tukapata mengine ya kwenda Mbita. Alitaka kujua tulifanya nini, ili vituo vingine vyenye milima viige.

"Tuliwafundisha madereva," nikasema.

"Vizuri sana. Nimeongeza kisanduku kwenye fomu yako: mwalimu wa madereva. Tuambie ni nani, tumtaje kwenye kijitabu, hata picha tupige."

Siku hiyo nilikuwa Migori kukagua chaja. Jioni bado haijaingia, gari la mwisho la kurudi lilikuwa la Baba, na halikuwa na abiria. Alishuka, akanifungulia mlango wa nyuma kama siku zote. Nilisimama nikautazama ule mlango. Halafu nikazunguka, nikafungua wa mbele, nikakaa.

"Nyathina, kaa nyuma," akasema.

"Nimekaa nyuma vya kutosha."

Alisimama pale nje muda mrefu, mkono uko juu ya paa la gari. Kisha akaja akakaa kwenye usukani, akaniambia nifunge mkanda, akaukagua kwa kuuvuta yeye mwenyewe, akauvuta tena. Tukapita Rongo. Nilimweleza habari ya kisanduku tulipokuwa tunakaribia Rodi.

"Wanataka jina la mwalimu. Nakuandika?"

Akatikisa kichwa kukataa. Tulikuwa tumefika juu. Akaondoa mguu kwenye pedali, gari likajishika, tukaanza kushuka. Kwenye dashibodi ule mstari wa kijani ulianza kupanda kidogo kidogo. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na niliona jinsi alivyoushika.

Kwenye kona ya pili akasema, "Ni hapa."

Miaka yote hiyo nimepita hapo sikujua ni kona gani. Nilitazama. Kulikuwa na mwanamke anauza nyanya, zimepangwa mafungu mafungu juu ya gunia, na mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo ya stima.

"Alikuwa anasema nini?" nikauliza. "Mama. Wakati ule."

Nilifikiri atasema aliomba Mungu, au aliita majina yetu. Ndiyo mambo watu husema. Baba aliipita kona, na nyingine iliyofuata.

"Aliniambia nirudishe gia," akasema. "Kule juu, nilipoitoa tu, kabla lori halijaanza kukimbia. Alisema, baba watoto, rudisha gia, hili lori limejaa. Nikamcheka. Nikamwambia yeye ajue omena, lori aniachie mimi."

Basi. Tulipofika kituoni nilibaki nimekaa kitini mwangu, kiti cha mbele, mpaka alipokuja kunifungulia mlango, na nilimshika mkono nikishuka.

Nilijaza fomu asubuhi yake. Umbali, nikajaza. Moshi ambao haukutoka, nikajaza. Nilipofika kwenye kisanduku cha mwalimu wa madereva niliandika: mwanamke mmoja, muuza omena, marehemu.

Bosi alipiga simu kabla ya saa sita. Aliuliza kwa upole kama nimechanganya visanduku. Nikamwambia sijachanganya, na kwamba mwaka huu maneno yangu wayaache kama yalivyo.